Friza inapasha chumba, AC inakipoza, bili ni yako

Tangu tuanze hii kampeni ya kuokoa stima kwa maabara na vituo vya utafiti, simu tunazopata ni zilezile: bili ya stima imepanda, mita yenu mbovu. Mara nyingi mita iko sawa kabisa, shida iko kwa kile chumba cha friza.

Friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, hasa ile ya zamani, inaweza kula yuniti 20 (yuniti moja ni kilowati-saa moja) kwa siku, na hiyo stima yote mwisho wake ni joto linalotoka kwa kondensa (sehemu ya friza inayotoa joto) na kubaki humo ndani, halafu AC inalipwa tena kulitoa nje. Na tafadhali, kuweka AC nyuzi 16 hakufanyi chumba kipoe haraka, hili nimelisema mpaka nimechoka. Safisha filta ya friza, ondoa barafu mlangoni. Sampuli nyingi zinakaa salama kwa nyuzi 70 chini ya sifuri na hapo unaokoa karibu asilimia 30, ila mwenye sampuli aulizwe kwanza, hatutaki lawama.

Sasa kanuni za Kenya za usimamizi wa nishati za 2012. Ukitumia yuniti 180,000 kwenda juu kwa mwaka (yuniti, sio shilingi!), yaani kama 15,000 kwa mwezi, lazima ufanyiwe ukaguzi wa nishati kila miaka mitatu, na mkaguzi awe na leseni ya EPRA (mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli), sio fundi wa AC unayemjua. Ripoti inaletwa pamoja na mpango wa utekelezaji, na angalau nusu ya akiba iliyoonekana iwe imepatikana kabla ya ukaguzi mwingine. Kukaidi ni kosa lenye adhabu. Eti kanuni hizi ni za viwanda tu? Friza 20 za aina hiyo ni yuniti 146,000 kwa mwaka, hujawasha hata taa.

Wengine wanasema kutumia tena joto ni mambo ya Ulaya. Ni kweli kule Kajaani, Finland, joto la LUMI, kompyuta kubwa mno ya utafiti, linapasha nyumba za mji, na Nairobi hatuna hiyo haja. Lakini maji ya moto tunayatumia kila siku, kuosha vyombo vya maabara, dobi la hospitali, bafu za hosteli. Gesi ya kupoza ikitoka kwa kompresa ya chila (mtambo mkubwa unaopoza maji ya AC ya jengo zima) iko moto sana, ukiipitisha kwa kibadilisha joto kabla ya kondensa unapata maji ya moto ambayo saa hii unayachemshia kwa stima. Inalipa pale penye chila kubwa na matumizi ya maji karibu. Kama una AC tatu za ukutani achana nayo, anza na filta, na ukija ofisini beba bili za miezi 12, sio ya mwezi mmoja uliokuudhi.