Haogi mpaka aambiwe: sumaku yajaribiwa kwa waliokosa ari baada ya kiharusi

Mkono umeanza kushika kikombe, maneno yamerudi, presha imetulia. Lakini mzee anashinda kitini kutwa. Asipoambiwa aoge, haogi. Akiambiwa, anaoga bila ubishi, kisha anarudi palepale. Wajukuu wakija hafurahi wala hakereki. Nyumbani minong'ono inaanza: amezoea kuhudumiwa.

Huo si uvivu. Ni kukosa ari, na hali hii huwapata takriban mtu mmoja kati ya watatu waliougua kiharusi. Wala si sonona, ingawa mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Mwenye sonona anaumia, anajilaumu. Huyu ukimuuliza ana shida gani, atakujibu hana. Ndiyo maana kliniki taarifa hizi huletwa na mke, mume au mtoto.

Chanzo mara nyingi ni jeraha kwenye njia zinazounganisha sehemu ya mbele ya ubongo, katikati pale nusu mbili zinapokutana, na viini vilivyo ndani zaidi. Huko ndiko ubongo hupima kama jambo linastahili jasho lake. Njia zikikatika, mgonjwa anajua la kufanya na nguvu anazo, ila kuanza hawezi.

Dawa iliyothibitika kwa hali hii bado hatuna, ndiyo maana watafiti wakageukia sumaku. Mashine ya kuamsha ubongo kwa sumaku ilibuniwa na Anthony Barker na wenzake huko Sheffield, Uingereza, mwaka 1985, na Marekani iliiruhusu kutibu sonona mwaka 2008. Koili, yaani waya uliozungushwa, huwekwa juu ya kichwa. Umeme ukipita ndani yake, nguvu ya sumaku huvuka fupa la kichwa na kuamsha seli za neva. Hakuna kisu wala nusukaputi. Ili kujua kiwango cha kutumia, mtaalamu husogeza koili juu ya eneo linaloendesha mkono mpaka kidole gumba kiruke chenyewe. Ipo njia ya mkato ya mapigo 600 ya sumaku kwa dakika tatu na ushei, nami naipendelea: asiye na ari hatavumilia kukalishwa nusu saa kila siku.

Japani, mwaka 2017, watafiti waliijaribu kwa wagonjwa 13 waliokwishaishi na kiharusi muda mrefu. Baadhi walipata sumaku ya kweli kwa siku tano, wengine ya bandia. Waliopata ya kweli walipungukiwa zaidi na hali hiyo. Kundi la bandia lilikuwa la lazima: kumvalisha mtu aliyezoea kiti, kumtoa nje na kuzungumza naye kila siku kunaweza kumchangamsha hata bila mashine.

Hata hivyo, watu 13 ni wachache mno na siku tano ni fupi. Jaribio kubwa lisiishie kwenye alama za dodoso. Liwaulize wa nyumbani kama sasa mgonjwa anaoga bila kuambiwa, na kama anaendelea hivyo miezi kadhaa baadaye.

Usalama nao una masharti. Maumivu ya kichwa huwapata baadhi, degedege hutokea kwa nadra. Mwenye kifafa au chuma kichwani aseme mapema. Anayekuuzia tiba hii leo kwa ahadi ya kupona, muulize matokeo yake ameyalinganisha na nini.

Kwa sasa, mpangieni ratiba ya saa zilezile kila siku. Badala ya "ungependa kutembea?", mwambieni: "Viatu hivi hapa, tunatoka."