Ushahidi sio kazi yako, wewe ripoti

Jamani naomba niandike hili nipumzike, maana kila mtoto akihisiwa kufanyiwa ukatili, simu ninayopigiwa ni ileile: "tulikuwa tunakusanya ushahidi kwanza." Mtoto ameshahojiwa na mama, shangazi, mwalimu, na jirani mmoja ambaye hata sijui aliingiaje humo, halafu ndo mimi natafutwa.

Huhitaji ushahidi. Ukiwa na wasiwasi wenye sababu inatosha, kuchunguza ni kazi ya polisi na ustawi wa jamii. Kenya, Uganda na Tanzania kuna 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, ni bure, piga hata kama huna uhakika.

Sasa hiyo kuhoji ndo inayonichosha kabisa. Mtoto wa miaka mitano ukimuuliza "ni anko ndo alikushika, eti?" kuna uwezekano mkubwa akakuitikia tu, kwa sababu wewe mkubwa umeshaonyesha jibu unalolitaka. Ukirudia swali lilelile baada ya saa moja anadhani jibu la kwanza lilikuwa baya, anabadilisha. Mkifika mahakamani wakili wa upande wa pili ana maelezo manne tofauti mkononi na mtoto hajadanganya hata mara moja, ni nyie mliomfundisha kubahatisha. Akianza kusema, sikiliza. Ukilazimika kuuliza, uliza "ikawaje?" uishie hapo, kisha andika maneno yake kama yalivyomtoka, akisema "kidudu" andika kidudu, usimsafishie lugha. Na usimwahidi kwamba hutamwambia mtu, maana utamwambia.

Mtuhumiwa usimfuate kwenda "kumsikiliza na yeye". Ukimshtua leo, kesho mtoto ameshatishwa au jamaa ameshahama.

Kama ni ubakaji, fasta: hospitali kabla ya kuoga, nguo kwenye mfuko wa karatasi sio plastiki (plastiki inatunza unyevu, vielelezo vinaharibika), dawa za PEP za kuzuia VVU ndani ya saa 72. Ameshaoga? Nendeni hivyohivyo. Na daktari asipoona jeraha msirudi nyumbani kumchapa mtoto kwa uongo, wengi waliofanyiwa ukatili wa kingono hawakutwi na alama yoyote, sehemu zile zinapona haraka na vitendo vingine haviachi alama kabisa.

Ila nisiwadanganye kwamba ukiripoti yameisha. Kesi zinakwama, mama anakosa kodi ya nyumba kwa sababu aliyekamatwa ndo alikuwa analeta hela, ndugu wanamnunia mtoto, mwisho mtoto mwenyewe anasema "nilitunga". Akikana hivyo sikimbilii kuamini kwamba alidanganya, mara nyingi anataka tu nyumba irudi ilivyokuwa, lakini kusema ukweli kuna kesi nafunga faili na bado sijui. Wakati mwingine sijui hata kama tumemsaidia.

Kwa hiyo siku unayoripoti uliza hapohapo: leo usiku analala wapi, na nani, na ushauri nasaha unaanza lini? Chukua jina na namba ya afisa. Wakikaa kimya siku mbili tatu, wapigie wewe, wakuone msumbufu tu.