Frankenwatch ni nini: spea zote orijino, saa yenyewe siyo

Ukishaanza tu kuulizia saa za mkononi za zamani haupiti muda utakutana na neno Frankenwatch, na wanaolitumia wanalitupa hivi hivi kama vile kila mtu amezaliwa analijua. Ni saa ya kuungaunga, yaani mashine imetoka kwenye saa hii, bodi (lile ganda la nje) ya saa ile, mishale imepatikana kwenye kopo la fundi, afu inauzwa kama saa moja iliyotoka kiwandani ikiwa vile vile. Jina limetokana na riwaya ya Mary Shelley ya 1818, ambapo jamaa anaitwa Victor Frankenstein anaunda jitu kwa viungo vya maiti. (Kwenye riwaya Frankenstein ni huyo muundaji, lile jitu halina jina kabisa, ila watu wameshachanganya na sidhani kama kuna wa kuwarudisha.)

Sasa wanunuzi wengi wanapigwa kwa sababu wanadhani Frankenwatch ni feki. Hapana. Feki ni kitu kingine, mtu kachukua bati lake kaandika Rolex, mara nyingine ukiishika tu mkononi wepesi wake unakuambia. Franken inaweza ikawa kila spea ni ya kampuni yenyewe, ukimpelekea fundi anafungua anaangalia mashine anakwambia hii mashine orijino kabisa, na hajakudanganya! Ila wewe umeuliza swali dogo. Swali kubwa ni kama hivyo vipande vilizaliwa pamoja, kwa sababu kwenye saa za zamani pesa unayolipa sio ya chuma, ni ya huko kuzaliwa pamoja.

Chukua Rolex Daytona za zamani kama modeli ya 6239. Kuna zilizotoka na uso wa kawaida, na kuna chache zilizotoka na ule uso wa pekee ambao watu wanauita Paul Newman, kwa jina la yule mwigizaji wa Marekani aliyekuwa akiuvaa. Mashine ile ile, bodi ile ile, tofauti ni kipande cha bati chenye rangi na alama, lakini bei inaruka mara nyingi, na ya Newman mwenyewe iliuzwa mnadani New York Oktoba 2017 kwa zaidi ya dola milioni 17. Mtu akipata uso kama huo peke yake, na Daytona ya kawaida anayo mezani, unadhani atafanya nini.

Na usifikiri wanaobambikiwa ni wageni tu wa mchezo. Novemba 2021 Omega Speedmaster ya 1957, modeli 2915-1, iliuzwa mnadani Geneva kwa faranga za Uswisi zaidi ya milioni 3, rekodi kwa saa za Omega. Aliyenunua ni Omega wenyewe, kwa ajili ya makumbusho yao. Juni 2023 wakatangaza kwamba ile saa ilikuwa imeungwaungwa, sehemu kubwa kwa vipande halali vya Omega, na wakasema wafanyakazi wao watatu wa zamani walihusika. Yaani mwenye kiwanda kauziwa mbuzi kwenye gunia, na mbuzi mwenyewe ni wa kwake.

Inajulikanaje sasa? Mimi naanzia kwenye ile rangi inayong'aa gizani, kwa sababu hiyo haijui kudanganya vizuri. Kuanzia miaka ya 60 mpaka mwishoni mwa 90 viwanda vingi vya Uswisi vilitumia tritiamu, kitu chenye mionzi kinachoifanya rangi iwake, ndo ile herufi T ndogo unayoiona pembeni ya neno SWISS chini kabisa ya uso. Tritiamu inapungua nusu kila miaka 12 hivi, kwa hiyo saa ya 1970 imebakiwa na chini ya moja ya kumi ya nguvu yake. Imulike na tochi, zima, itawaka kidogo tu afu inakufa. Ukiona inawaka kijani usiku kucha ujue kuna mtu kapaka upya au kabadilisha. Kingine, weka lenzi ulinganishe nukta za uso na mishale: vilivyozeeka pamoja vinakaribiana rangi, ile ya maziwa yaliyoingia chai, sasa nukta zikiwa za njano afu mishale myeupe pee, muulize muuzaji mishale imetoka wapi. (Za kabla ya hapo nyingi zina radiamu, na hiyo hata kama haing'ai tena mionzi yake bado ipo na itakuwepo mamia ya miaka, kwa hiyo usifungue mwenyewe ukaanza kukwangua kwa kucha.)

Mimi nimejifunzia kwenye Seiko 5, nashukuru haikuwa Rolex. Niliiona picha nikaipenda, uso wa bluu unang'aa kama wa jana, bodi ina mikwaruzo ya miaka arobaini, na hapo hapo akili ingetakiwa iniulize kwa nini uso haujazeeka na bodi imezeeka, ila ukishapenda ndo umeshapenda. Seiko wana tabia nzuri moja, chini kabisa ya uso karibu na alama ya 6 wanaweka kodi ndogo sana inayoanza na namba ya aina ya mashine, na mfuniko wa nyuma nao una namba hiyo ya aina ya mashine. Ya kwangu mfuniko ulisema 6119, uso ukasema 7009. Nikampelekea fundi, akafungua akautoa uso akaugeuza akanionyesha. Kwa kawaida uso una vimiguu viwili vyembamba kama sindano vinavyoingia kwenye matundu ya mashine, na matundu ya mashine hii hayako sawa na ya mashine ile. Vya kwangu vilikatwa, pakabaki vidoa viwili vinang'aa, na katikati gundi imekauka imekuwa ya kahawia. Akaniangalia, hakusema kitu, akaanza kucheka.

Ila msije mkaanza kuita kila saa Franken, hilo nalo ni ugonjwa wa watu wanaoanza. Saa ya miaka 50 kubadilishwa kioo, springi au kile kitufe cha pembeni cha kutilia ufunguo ni kawaida, vitu hivyo vinaisha. Kuna pia saa iliyopelekwa kiwandani miaka ya 2000 kwa sevisi wakaiwekea uso mpya usio na tritiamu, hiyo ni halali kabisa ila bei yake lazima ishuke, na muuzaji anatakiwa aseme. Kuna wanaounda Seiko zao kwa spea za kununua na wanasema wazi nimeunda mwenyewe, hao hawana kosa hata dogo. Franken inaanzia pale muuzaji anapokaa kimya.

Na karatasi zisikulevye. Kampuni kama Patek Philippe ukiwapa namba ya mashine na ya bodi wanaweza kukutolea hati kutoka kwenye kumbukumbu zao, inaonyesha saa ilitengenezwa lini na ikiwa modeli gani, na ni kitu kizuri sana, lakini hati inazungumzia saa ilivyotoka, haizungumzii uso na mishale uliyoishika leo. Kwa hiyo omba picha ya mashine ikiwa wazi, ya namba zote, ya uso kwa karibu bila kioo kama inawezekana, afu uliza kwa maandishi: nini kimebadilishwa, na lini? Anayejua saa yake atajibu mpaka akuchoshe. Anayekwambia "iko poa bro wengine wanaisubiri", mwache awauzie hao wengine.

Ile Seiko yangu bado naivaa. Kukiwa na joto gundi inalegea, uso unazunguka kidogo, alama ya 12 inasogea pembeni, basi naipigapiga kwa kidole mpaka irudi.