Tiketi si kiti

Desemba iliyopita nilipanda basi la usiku kutoka Kampala kwenda Arua, tiketi yangu ikiwa ya kiti namba 23. Nikamkuta mzee ameshakaa pale, kofia usoni, anakoroma. Nikamgusa bega: "Mzee wangu, samahani, hapa ni kwangu." Akatoa tiketi yake mfukoni, imeandikwa kwa kalamu, 23 kubwa kabisa. Mimi nikatoa yangu. Ilikuwa nyeupe kama posho, ule ugali wetu. Nilikuwa nimeinunua wiki tatu kabla ili nikwepe nauli ya Krismasi, ikachapwa vizuri kwa mashine, na sasa haikuwa na hata herufi moja. Konda akaiinua kwenye taa, akaigeuza, akaniuliza, "Sasa hii ni tiketi ama ni tishu?" Basi zima likacheka. Nilikalia jerikani la mafuta ya kupikia hadi Kigumba, aliposhuka mama mmoja.

Tangu usiku ule nimekuwa nikisikiliza watu wanavyozungumzia tiketi, na mengi tunayoyaamini hayako hivyo.

"Wameweka wino wa bei rahisi"

Ndivyo nilivyolalamika na mimi. Kumbe hakuna wino. Karatasi ya zile mashine ndogo imepakwa kemikali inayogeuka nyeusi ikipata joto, na mashine huipasha moto pale tu panapotakiwa herufi. Ukitaka kuhakikisha, pitisha ukucha kwa nguvu juu ya tiketi mpya: msuguano wenyewe utachora mstari mweusi. Ndiyo maana maandishi hayadumu. Jua huyafifisha, mafuta ya mikono huyafifisha, na adui mkubwa kuliko wote ni pochi ya plastiki, kwa sababu viungo vinavyoilainisha plastiki huhamia kwenye karatasi na kuyala maandishi. Ukiiacha kwenye dashibodi mchana wa Kampala, inaweza kugeuka nyeusi yote. Mimi nilikuwa nimeihifadhi kwa uangalifu sana, ndani ya pochi ya plastiki. Siku hizi napiga picha kabla sijaondoka kwenye dirisha la kukatia tiketi.

"Tiketi ni kwa faida ya abiria"

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea, na ndipo penye utamu. Tiketi ya namba, hii tunayoijua, haikubuniwa kumlinda abiria. Ilibuniwa kumchunga karani.

Miaka ya 1830, kaskazini mwa Uingereza, kulikuwa na fundi wa samani aliyefilisika, Thomas Edmondson, akaishia kuwa mkuu wa kituo kidogo cha reli. Wakati ule karani aliandika kila tiketi kwa mkono, abiria mmoja baada ya mwingine, na nauli ngapi ziliingia mfukoni mwake alijua yeye na Mungu wake. Edmondson akatengeneza kadi ngumu ndogo, kama sentimita 5.7 kwa 3, zenye namba zilizochapwa mapema na kufuatana, pamoja na mashine ya kuzigonga tarehe. Hesabu ya jioni ikawa nyepesi: kama asubuhi uliachiwa kuanzia kadi 0412, na sasa inayofuata ni 0467, basi zimeuzwa 55, na pesa za kadi 55 ziwe mezani. Kadi hizo zilisambaa duniani, zikafika na reli zetu za Afrika Mashariki. Huko Uingereza reli ya taifa iliziacha mwaka 1990.

  

Sasa tazama taksi zetu za abiria 14. Hakuna tiketi. Watu husema ni uzembe, au kwamba nauli ni ndogo mno kuandikiwa karatasi. Lakini fikiria mwenye gari. Hana namba zinazofuatana, hajui konda amepandisha watu wangapi kati ya Old Taxi Park na Ntinda. Basi hata hajaribu kuhesabu: anamwambia dereva, jioni niletee kiasi hiki, kinachozidi ni chenu. Hapo utaelewa kwa nini konda anaita watu kwa sauti ya kukata kamba, kwa nini taksi haiondoki mpaka ijae, na kwa nini nauli inapanda mvua ikianza kudondoka. Kwangu mimi, tabia nyingi za taksi tunazozilalamikia zinatokana na karatasi ambayo haipo.

Na kiti namba 23? Mimi nilinunua dirishani, mzee alinunua kwa wakala mwenye kitabu chake cha kuandika kwa mkono. Mifululizo miwili ya namba, na hakuna aliyekaa kuilinganisha. Mzee hakuniibia kiti, wala mimi sikumwibia.

"Ukishafika, tiketi haina kazi"

Kuna siku tiketi inatakiwa zaidi pale usipofika. Meli ya Tanzania, MV Bukoba, ilizama Ziwa Victoria karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996. Orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili ilionyesha watu 443. Daraja la tatu, la bei rahisi, halikuwa na orodha. Mpaka leo idadi ya waliokufa inatajwa kwa makadirio, mamia kwa mamia, wengine wakisema karibu elfu. Huku kwetu, Novemba 2018, boti ya starehe MV Templar ilizama ziwani upande wa Mukono ikiwa imejaza kupita kiasi, wakafa watu zaidi ya 30, na siku zile hesabu ya waliopanda ilibadilika kutoka mdomo hadi mdomo. Watu walisimama ufukweni wakiuliza jina, na hapakuwa na karatasi ya kuangalia.

Kwa hiyo karani wa basi la kwenda Nairobi akikuuliza jina kamili na namba ya kitambulisho, usimjibu "andika tu Musa". Nimeshawasikia wanaojibu hivyo.

"Tiketi ama tikiti?"

Dada mmoja wa Mombasa aliyehamia Kisenyi alinicheka niliposema "tikiti ya basi". Kwake yeye tikiti ni lile tunda la maji. Kamusi zinakubali yote mawili: tikiti ni tunda na ni karatasi ya safari, na tiketi ni hiyohiyo ya safari. Neno lilitujia kutoka Kiingereza, nacho kililichota kwa Wafaransa wa zamani, kwao likiwa kijikaratasi kilichobandikwa mahali.

"Askari akinipa tiketi, namlipa tujuane"

Tiketi ya faini ya barabarani, hii watu huiita EPS (Express Penalty Scheme, mpango wa faini za papo hapo), hailipwi mkononi mwa askari. Hulipwa benki au kwa simu, kwa namba ya malipo, na unabaki na ushahidi wako. Wala si hukumu. Unayeona umeonewa unaweza kuikataa na kwenda kujieleza mahakamani. Juni 2025 zilipoanza zile za kamera, zinazokujia kwenye simu bila kumwona askari, kelele zilikuwa kubwa hadi mfumo ukasimamishwa mwezi uleule. Niligundua jambo moja katika zile kelele: wengi hawakukasirikia faini peke yake. Walikasirika kwamba hakuna mtu wa kumbembeleza.

"Nimekosa mechi moja tu!"

Tiketi ya beti, mkeka kwa lugha ya vijana. Jumapili jioni utamkuta mtu ameishika kwa vidole viwili kama mtoto mgonjwa: mechi kumi, tisa zimeingia. Anaamini amekaribia, wiki ijayo ni yake. Tufanye hesabu. Chukulia kila mechi ni nusu kwa nusu. Kupata zote kumi ni mara 1 katika 1,024. Kupata tisa na kukosa moja ni mara 10 katika hizohizo 1,024, kwa sababu kuna njia kumi za kukosa moja. Yaani kukosa moja kunatokea mara kumi zaidi kuliko kushinda. Si dalili ya kukaribia. Na jambo lingine ambalo vijana wengi wa mtaani kwangu hawalijui, au wanajifanya: sheria ya Uganda ya mwaka 2016 inaruhusu beti kuanzia miaka 25, si 18.

"Nimelipia sokwe, lazima nimwone"

Kibali cha kuwaona sokwe wa milimani Bwindi au Mgahinga ni dola 800 kwa mgeni wa mbali. Sisi wa Afrika Mashariki tunalipa kwa shilingi, na bei yetu ni ya chini. Unalipia kutembea msituni ukiwa kwenye kundi la watu wasiozidi wanane, na saa moja mkiwapata. Sokwe hajasaini popote.

"Tiketi ya ndege nimeichapa, ninayo"

Ulichochapa si tiketi. Tiketi za karatasi mashirika ya ndege yaliziacha katikati ya mwaka 2008. Tiketi yenyewe ni rekodi kwenye kompyuta, yenye namba ya tarakimu 13, tatu za mwanzo zikitambulisha shirika: 706 ni Kenya Airways, 071 ni Ethiopian. Karatasi ikipotea, safari haijapotea.

Ila rekodi hiyo husomwa kwa mpangilio, kipande kwa kipande. Jirani yangu alikuwa na Entebbe–Nairobi–Dubai. Siku tatu kabla akaenda Nairobi kwa basi, kuna harusi ya binamu, akasema ndege ataidakia hukohuko. Entebbe hakuonekana, na kompyuta ikafuta vyote vilivyofuata. Harusi alihudhuria, na alicheza vizuri sana. Dubai alilipia upya.