Kima kipya cha mshahara: ongezeko linatoka mfukoni mwa nani?

Tangu Amri mpya ya Kima cha Chini cha Mshahara kwa sekta binafsi ianze kutumika Januari 1, 2026, maswali yanayofika kwenye ofisi yetu ya kazi hapa Dodoma ni ya aina mbili. Waajiri wanauliza kama wanaweza kusubiri kidogo. Wafanyakazi wanauliza ziko wapi Sh 358,322 zao.

Waajiri nawajibu kwa kifupi: hapana. Tangazo lilitoka Oktoba 2025, na miezi ya kujiandaa ilikuwa hiyo. Wafanyakazi wanahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu wengi wamelisikia tangazo nusu. Sh 358,322 ni wastani wa sekta zote, uliopanda kutoka wastani wa Sh 275,060. Hakuna jedwali linalosema kila mtu alipwe kiasi hicho. Amri hupanga viwango kwa sekta, na tofauti kati ya sekta na sekta ni kubwa. Katika amri iliyotangulia, iliyoanza Januari 2023, mfanyakazi wa kilimo alipangiwa 140,000 kwa mwezi, wa biashara na viwanda 150,000, na wa taasisi za fedha 592,000. Mfanyakazi wa nyumbani wa daraja la chini anayeishi kwa mwajiri alipangiwa 60,000, na asiyeishi hapo 120,000. Ukichanganya hao wote ukagawa, unapata namba ambayo haimhusu yeyote kati yao. Hili limeelezwa redioni na kwenye mikutano, na bado mtu anakuja na picha ya gazeti kwenye simu. Ndugu mwananchi, soma jedwali la sekta yako kwanza, kisha ndipo uje kulalamika.

Pia kiwango kinachotajwa ni kabla ya makato. Tuutumie huo huo wastani kama mfano. Kwenye 358,322, mchango wa mfanyakazi kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, wa asilimia 10 ni 35,832. Kinachobaki, 322,490, kimevuka 270,000 ambazo hazitozwi kodi ya mapato, hivyo ile ziada ya 52,490 inakatwa asilimia 8, yaani kama 4,199. Mkononi inafika 318,291. Kwa wastani wa zamani, baada ya NSSF mtu alibaki na 247,554, chini ya kiwango cha kodi, kwa hiyo hakukatwa kodi hiyo ya mshahara, yaani PAYE, hata senti. Mshahara ghafi umepanda kwa zaidi kidogo ya asilimia 30, lakini wa mkononi umepanda kwa chini ya 29. Si wizi wa mhasibu. Ni ngazi ya kodi, na wapo watakaoiona kwa mara ya kwanza maishani mwao mwaka huu.

Upande wa mwajiri, mfanyakazi huyo huyo anagharimu 358,322, pamoja na NSSF asilimia 10 nyingine, pamoja na asilimia 0.5 ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Jumla inakaribia 396,000. Mwenye wafanyakazi 10 au zaidi anaongeza tozo ya kuendeleza ujuzi. Mwajiri anayesema "nimeongezewa 83,000" anajipunja katika hesabu zake mwenyewe, kwa maana ongezeko halisi kwake linapita 90,000 kwa kila kichwa.

Sasa fedha hiyo inatoka wapi? Watu wanazungumza kana kwamba Serikali inaileta kwa lori. Kwa watumishi wa umma, ndiyo, inatoka hazina: Mei Mosi ya 2025 pale Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kima chao kupanda kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai mwaka huo. Hiyo ni habari nyingine na amri nyingine. Kwa sekta binafsi ongezeko linabebwa na mtu ndani ya biashara: mteja kupitia bei, mwenye mtaji kupitia faida, au mfanyakazi mwenyewe akipunguziwa saa au nafasi. Mara nyingi wanagawana, na mgawanyo huo unategemea aina ya biashara kuliko ukubwa wa asilimia iliyotangazwa.

Chukua mgahawa wa kawaida hapa mjini wenye wafanyakazi sita, kila mmoja analipwa 150,000. Namba hizi ni za mfano tu, si kiwango cha jedwali jipya. Mishahara ni 900,000 kwa mwezi, na matumizi yote pamoja na unga, nyama, gesi na kodi ya pango ni 4,500,000. Mishahara ikipanda asilimia 30, zinaongezeka 270,000. Weka na michango yake, inakaribia 298,000. Ukiuza sahani 60 kwa siku kwa siku 26, una sahani 1,560, hivyo mzigo mpya ni Sh 191 kwa sahani. Sahani ya 3,000 ikiuzwa 3,200, ongezeko lote limelipwa na faida ya mwenye mgahawa haijaguswa. Ikiuzwa 3,500 kwa maelezo kwamba "Serikali imepandisha mishahara", zile 300 za juu hazina uhusiano na mishahara. Nasema hivi kwa sababu bango la aina hiyo tumeliona ukutani, na wapishi wa pale bado walikuwa kwenye mshahara wa zamani.

Kampuni ya ulinzi haina nafasi hiyo. Gharama zake karibu zote ni watu. Mishahara ikiwa asilimia 70 ya matumizi, ongezeko la asilimia 30 linakuwa asilimia 21 ya gharama nzima, na mkataba na mteja umeshasainiwa kwa mwaka. Dodoma imejaa mikataba ya namna hii tangu Serikali ianze kuhamia hapa baada ya uamuzi wa 2016: ofisi, mabenki, hosteli, maghala, majengo ya wizara kule Mtumba. Mzigo unarudi kwa mwenye ofisi, na hapo ndipo taasisi, zikiwemo za umma, hushtuka kwamba amri ya sekta binafsi imeingia kwenye bajeti zao. Anayesaini mkataba wa ulinzi au usafi kwa bei ya chini kuliko jumla ya mishahara halali ya walinzi anaowahitaji aelewe kwamba tofauti hiyo inatoka mfukoni mwa mlinzi.

Shamba la zabibu lina shida ya tatu. Mkulima wa Hombolo au Mpunguzi hapangi bei, anapangiwa na mnunuzi. Hawezi kuongeza Sh 191 kwa kilo eti kwa sababu ujira wa mvunaji wake umepanda. Zabibu zetu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na kazi nyingi ni ya vibarua wa siku chache wanaolipwa kwa ndoo au kwa mstari. Hapa ndipo nina wasiwasi wa kweli, kwa sababu njia rahisi kwa mkulima ni kuita watu wachache na kuwatumia watoto wa nyumbani, na ukaguzi wetu haufiki kila mstari wa mzabibu. Amri inaweka pia viwango vya siku na vya saa, si vya mwezi tu: mwezi unagawanywa kwa siku 26 au saa 195, kwa kuwa wiki ya kazi ni saa 45. Kwenye amri ya 2023, 140,000 za kilimo zilitoa kama 5,385 kwa siku. Hesabu ya sasa inafuata njia hiyo hiyo kwa kiwango kipya.

Na ajira? Kila kima kinapopanda huja utabiri kwamba watu watafukuzwa kwa maelfu. Wachumi wamelibishania jambo hili kwa miongo mingi. Jimbo la New Jersey, Marekani, lilipopandisha kima kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa mwaka 1992, David Card na Alan Krueger walilinganisha migahawa ya huko na ya jimbo jirani la Pennsylvania na hawakuona ajira ikipungua. Card alipata Nobel ya uchumi mwaka 2021 kwa tafiti za aina hiyo. Ujerumani ilianza na euro 8.50 mwaka 2015 na uchumi wake haukuanguka. Lakini huko orodha ya mishahara ipo na mkaguzi anaiona. Kwetu sehemu kubwa ya watu wanafanya kazi pasipo mkataba wala NSSF, na anayetolewa kwenye duka rasmi haendi kuandikishwa kama asiye na kazi. Anaenda kuendesha bodaboda au kupanga mboga soko la Majengo, na pale anakuta wenzake wengi, mapato ya kila mmoja yanashuka. Kwa hiyo athari kwetu inaweza isionekane kwenye takwimu ya ajira. Itaonekana kwenye kipato cha wale ambao amri haiwafikii.

Anayefikiria kupunguza watu afanye hesabu kwanza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inamtaka atoe taarifa ya kusudio, aeleze sababu, na ashauriane na chama cha wafanyakazi au na wafanyakazi wenyewe kuhusu njia mbadala, vigezo vya kuchagua nani aondoke, na malipo. Barua ya siku moja si mashauriano. Halafu kuna notisi, siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Kuna likizo isiyochukuliwa. Kuna kiinua mgongo: mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, isizidi miaka kumi. Mfanyakazi wa miaka sita mwenye 195,000 ana 7,500 kwa siku, mara siku 42, ni 315,000. Ukiongeza notisi umeshapita nusu milioni kabla hujaokoa chochote, na hesabu yote inafanywa kwa mshahara mpya, si ule wa Desemba.

Wengine wanapita uchochoroni. Posho ya nauli na ya chakula zimehamishiwa kwenye mshahara wa msingi ili karatasi ionyeshe kima kipya, na mfanyakazi anapokea kile kile. Wengine wamewabadilisha watu wa miaka minne kuwa "vibarua" kwa kuwasainisha fomu mpya. Wengine waliokuwa wanalipa juu ya kima wanataka kushuka kwenye kima, kana kwamba chini ni lengo. Amri hairuhusu kushusha masharti bora yaliyokuwepo. Afisa kazi akithibitisha haya anatoa amri ya utekelezaji. Mwajiri asiyekubali ana siku 30 kupinga kwa maandishi kwa Kamishna wa Kazi, na asipotekeleza wala kupinga, suala linakwenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi.

Kwa upande wa pili wa kaunta, fedha hii haifi. Anayelipwa kima cha chini haweki akiba ya hisa. Anainunulia unga, mafuta ya alizeti, sare za shule, vocha. Inazunguka Sabasaba na Majengo ndani ya wiki. Kibaya ni kwamba mwenye nyumba wa Nkuhungu naye amesikia tangazo, na chumba hupanda bei hata kama mpangaji ni fundi asiye na mwajiri. Kodi ya nyumba ndiyo ningeitazama kuliko bei ya sembe.

Nina rai yangu kuhusu ukubwa wa ongezeko hili, na ninaisema kama mchumi tu. Kima cha kilimo kilikuwa 100,000 mwaka 2013, kikafika 140,000 mwaka 2023: asilimia 40 kwa miaka tisa na nusu. Katika miaka hiyo mfumuko wa bei ulikuwa kati ya asilimia 3 na 8 kwa mwaka, na jumla yake inapita asilimia 40. Maana yake mfanyakazi wa shamba wa 2023, baada ya "kuongezewa", alinunua vitu vichache kuliko wa 2013. Mshtuko wanaoulalamikia waajiri leo kwa sehemu ni deni la ukimya ule. Ongezeko dogo kila baada ya mwaka au miwili lisingewaumiza kiasi hiki.

Mfanyakazi anayelipwa chini ya jedwali aanze kwa kuongea na mwajiri, kisha afike ofisi ya kazi ya mkoa. Akitaka kufungua mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, anajaza fomu namba 1, na nakala yake lazima imfikie mwajiri kwanza pamoja na uthibitisho kwamba imemfikia. Madai ya kuachishwa kazi yana siku 30 tu. Madai mengine, mshahara ukiwemo, yana siku 60. Aliyechelewa anaambatanisha fomu namba 2 yenye sababu, na sababu ya "sikujua" haina nguvu tunayodhani. Usuluhishi una siku 30, kisha ni uamuzi. Njoo na hati za malipo, ujumbe wa miamala ya simu, na taarifa ya michango ya NSSF. Asiye na mkataba wa maandishi asibaki nyumbani kwa sababu hiyo: kuandika masharti ya kazi ni wajibu wa mwajiri, na akishindwa kuyaonyesha mbele ya Tume, ni yeye anayetakiwa kuthibitisha kwamba mlikubaliana tofauti na unavyodai wewe.