Nyonga: bakuli la mifupa lisilo na kitako

Je, nyonga ni mfupa mmoja?

Hapana. Shika kiuno kama mtu anayejiandaa kugomba. Kingo ngumu unazozigusa ni sehemu za juu za mifupa miwili mikubwa, wa kulia na wa kushoto. Mbele inakutana kinenani, ikiunganishwa na kipande cha gegedu. Nyuma imeubana mfupa wa pembetatu uitwao sakramu, ambao ni pingili 5 za uti wa mgongo zilizoshikana, na chini yake kinaning'inia kifandugu, kimfupa cha mwisho wa uti wa mgongo. Hata hiyo mifupa ya pembeni, kila mmoja ulikuwa mifupa 3 utotoni. Ndiyo maana eksirei ya nyonga ya mtoto huonyesha mistari inayomtia mzazi hofu bure.

Yote kwa pamoja hufanya pete. Pete ngumu ikivunjika, mara nyingi huachia zaidi ya mahali pamoja, na mishipa mikubwa ya damu imepita karibu. Kwa hiyo majeruhi wa ajali anayelalamika nyonga asiinuliwe kwa kuvutwa miguu.

Kazi yake ni nini?

Kubeba. Uzito wa kiwiliwili hushuka kwa uti wa mgongo hadi kwenye sakramu, kisha hugawanywa kwa mapaja mawili. Ukikaa, hupokelewa na vifundo viwili vya mfupa chini ya makalio, vile vile vinavyokusumbua ukikaa kwenye benchi gumu. Ukitembea, kila hatua hukuacha umesimama kwa mguu mmoja kwa muda mfupi, na misuli ya ubavuni mwa nyonga ndiyo inayozuia upande wa pili usidondoke. Ikidhoofika, mtu huyumba kama bata. Zaidi ya hayo, uboho uliomo kwenye mifupa hii hutengeneza damu.

Ni kweli kwamba mwanamke mwenye nyonga pana hujifungua kwa urahisi?

Imani hii imewaumiza wengi, wale waliotishwa na hata wale waliosifiwa. Upana unaouona kwa nje ni nyama, mafuta na mabawa ya juu ya mifupa, na mtoto hapiti huko. Anapita chini zaidi, ndani ya pete yenyewe, ambayo jicho haliioni.

Tena njia hiyo haijanyooka. Mlango wa kuingilia ni mpana zaidi kutoka kulia kwenda kushoto, lakini wa kutokea ni mpana zaidi kutoka mbele kwenda nyuma. Basi kwa kawaida kichwa huingia uso ukitazama pembeni, kisha hugeuka uelekee mgongo wa mama. Mifupa ya fuvu la mtoto, ambayo bado haijaungana, hupandana kidogo. Kano za mama nazo zimekwisha kulegezwa na homoni za ujauzito, na ile gegedu ya kinenani hutanuka kwa milimita chache. Nyonga ya mwanamume kwa kawaida ni nyembamba zaidi, na tundu lake la juu lina umbo la moyo.

Mkunga mzuri, kwa hiyo, hampimi mama kwa macho. Hufuatilia uchungu unavyokwenda na kichwa kinavyoshuka.

Tangu nijifungue, nikicheka mkojo unanichuruzika. Inahusiana na nyonga?

Ndiyo. Bakuli hili chini liko wazi, na kinacholiziba ni misuli iliyotandazwa kutoka kinenani hadi kwenye kifandugu. Hiyo ndiyo inayoshikilia kibofu, mfuko wa uzazi na utumbo wa mwisho. Uzazi huivuta, lakini huweza kuimarishwa: ikaze kama unayezuia ushuzi, hesabu hadi tano, legeza, rudia, huku ukipumua kama kawaida. Usifanye zoezi hili ukiwa unakojoa. Manufaa huchukua wiki kadhaa hadi miezi, kwa hiyo usikate tamaa siku ya kumi. Wanaume waliofanyiwa upasuaji wa tezi dume hufundishwa zoezi hilihili.

Ni wakati gani nisisubiri?

Mzee akianguka akashindwa kusimama. Mjamzito akipata maumivu pamoja na kutokwa damu. Ganzi ikiingia katikati ya mapaja na mkojo ukagoma kutoka: hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo. Na mtoto anayechechemea akisema goti linauma, mwombe daktari aichunguze nyonga pia, maana maumivu ya kiungo cha nyonga hupenda kujitokeza gotini.