"Spea ipo" sio jibu

Jumamosi kaja mteja nimkagulie gari, anaenda Moro na watoto. Namuuliza vifaa vya dharura je? "Vipo fundi, spea ipo, pembetatu ipo, mtungi wa kuzimia moto upo, trafiki hawanisumbui." Hilo jibu nalisikia kila wiki na sasa limenichosha. Vile vitu sio vya trafiki jamani, ni vya kwako wewe saa nne usiku Chalinze imeshapita, mvua inanyesha na mtoto analia siti ya nyuma.

Nikafungua buti. Tairi ya spea ni ile nyembamba, nikaipima, upepo psi 18. Ubavuni imeandikwa kabisa 60. Sitini, sio thelathini! Hapa ndo wengi wanakosea, hata vijana wa kujaza upepo mtaani wanaipa 30 kama tairi zingine, wanaona tairi ndogo basi inataka upepo mdogo. Ni kinyume chake, ndani ina nafasi ndogo ya hewa na bado inabeba uzito uleule wa gari, bila presha kubwa inalala. Na imeandikwa mwisho kilomita 80 kwa saa, wewe unaifunga halafu unakimbiza 120. Ile ni ya kukufikisha kwa mziba pancha, sio Dodoma.

Nikampa spana yake mwenyewe, haya fungua nati moja. Kavuta, kakanyaga, wapi! Waliomfungia tairi walikaza na mashine ya upepo mpaka mwisho. Mimi kwenye gari yangu nina kipande cha bomba, kama nusu mita, nachomeka kwenye spana na nati inaachia. Na nati zilegeze tairi ikiwa bado chini, ndo upige jeki, na uwe na kibao cha kuweka chini ya jeki maana pembeni ya barabara ni mchanga.

Tochi, maji, waya za kubustia betri, hivyo mnavijua.

Mtungi wa kilo 1 unatema poda kama sekunde kumi tu. Niseme ukweli, moto ukishashika injini nina mashaka hata na wangu, toa watu kwanza ukae mbali. Ule ni wa moto unaoanza, na boneti usiifungue wazi maana hewa ikiingia moto unakua, puliza kupitia upenyo. Mshale wa kipimo cha mtungi uwe kwenye kijani.

Pembetatu weka hatua 50 nyuma au zaidi, sio kuiegemeza kwenye bampa. Matawi ongeza tu, ila mawe uliyozuilia tairi, nawaomba sana, yatoe barabarani kabla hujaondoka, anayekuja nyuma na pikipiki hayaoni usiku.

Yule mteja hakuondoka mpaka alipofungua nati zote kwa mkono wake, akafunga spea, akairudisha tairi yake. Kaondoka saa nane mchana, shati limelowa jasho, na kipande cha bomba nimempa changu.